Kuandika shajara ya viumbe kwa njia ya Gilbert White

Januari 1, 1768, katika kijiji cha Selborne, kusini mwa Uingereza, kasisi aitwaye Gilbert White alianza kujaza fomu za kuwekea kumbukumbu za hali ya hewa, mimea na wanyama. Hakuacha hadi Juni 1793, siku chache kabla ya kufariki akiwa na umri wa miaka 72. Barua alizowaandikia wenzake, nyingi zikitegemea kumbukumbu hizo, zilitolewa kitabu mwaka 1789, na kitabu hicho kinachapwa mpaka leo. Daftari zenyewe zimehifadhiwa British Library, London.

White hakuwa mvumbuzi wa nchi za mbali. Alizunguka kijijini kwake tu: kanisani, mlimani, kwenye mabwawa, bustanini. Tena kuna mambo aliyoyakosea. Mpaka anakufa hakuwa na hakika kama mbayuwayu wote huhama wakati wa baridi au wengine hujificha mashimoni, ingawa ndugu yake John, aliyekuwa Gibraltar, alimwandikia kwamba ndege huvuka mlango ule wa bahari kati ya Ulaya na Afrika. Leo tunajua. Teleka wa Uingereza, ndege wanaofanana na mbayuwayu, hukaa miezi kadhaa juu ya misitu ya Kongo, na mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire mwaka 1911 alikamatwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Dhana ya kujificha imekwisha. Tarehe alizoandika White za kufika na kuondoka kwa ndege hao hazijakwisha; mtu anayetaka kulinganisha majira ya karne ya 18 na ya leo bado anazihitaji.

Ukishika jambo hilo umeshika sehemu kubwa ya kazi. Maelezo yako yanaweza kupitwa na wakati, lakini tarehe, mahali na idadi vikiandikwa sawasawa havichakai. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuandika shajara ya namna hiyo alipo, iwe Tanga, Kisumu au Bukavu, ili mwingine aweze kuitumia miaka 50 ijayo.

Eneo na daftari

Chagua eneo moja unaloweza kulizunguka kwa dakika 20 hadi 30: kiwanja cha nyumba na njia ya kuelekea kisimani, shamba na ukingo wa mto, au uwanja wa shule. Lichore kwenye ukurasa wa kwanza na uyape majina maeneo yake: mwembe wa langoni, ukuta wa mashariki, dimbwi. Eneo dogo linalotazamwa kila siku lina faida kuliko hifadhi kubwa unayoitembelea mara 3 kwa mwaka, kwa sababu bila kurudi mahali palepale huna cha kulinganisha.

Fomu aliyotumia White ilibuniwa na rafiki yake Daines Barrington. Ukurasa mmoja ulikuwa wiki moja, na safu zake zilikuwa za mahali, siku na saa, joto, kipimo cha barometa, upepo, mvua, hali ya hewa, miti inayochipua na uyoga unaotokea, maua ya kwanza, ndege na wadudu wanaofika au kutoweka, samaki na wanyama wengine, na mwisho mengineyo. Ni mpangilio mzuri, ila umekatwa kwa kipimo cha nchi ya baridi. Kwetu unahitaji kupunguzwa.

Nunua kaunta buku la kwaya mbili, lenye kurasa 192. Kila wiki ipe kurasa 2 zinazotazamana. Mwaka mzima utachukua kurasa 104, na zilizobaki zitatosha kwa maelezo marefu, michoro na faharasa. Ukurasa wa kushoto piga jedwali la mistari 7, mmoja kwa kila siku, lenye safu za tarehe, saa, joto, upepo na mvua. Ukiwa pwani ongeza safu ya maji, uandike bamvua au maji mafu, kwa kuwa mambo mengi ya ufukweni huenda na maji kuliko na kalenda. Ukurasa wa kulia ni wa mimea, wadudu, ndege, wanyama wengine na mengineyo. Usiongeze safu nyingine mwaka wa kwanza. Safu inayobaki tupu wiki baada ya wiki humkatisha tamaa mwandishi mpaka daftari zima linaachwa.

Andika kwa penseli ya HB au kalamu ya kawaida ya wino mzito. Wino wa jeli unasambaa daftari likinyeshewa au likishikwa na mkono wenye jasho. Na jambo dogo linaloharibu shajara nyingi za Kiswahili: amua mapema kama utaandika saa za Kiswahili au saa za namba 24, kisha uamuzi huo uuandike ukurasa wa kwanza. "1:00" bila maelezo inaweza kusomwa kuwa asubuhi, adhuhuri au usiku, na wewe mwenyewe utakuwa umesahau.

Kupima mvua

Katika vipimo vyote huu ndio wenye faida zaidi kwetu, kwa sababu viumbe vingi hapa huongozwa na mvua kuliko joto. White alianza kutoa jumla za mvua mwaka 1779. Mwaka 1780 alipata inchi 27.32, yaani milimita 694 hivi. Mwaka 1782 akapata inchi 50.26, takriban milimita 1,277. Angetegemea kumbukumbu ya kichwani angeweza kusema tu kwamba ule mwaka ulikuwa wa mvua nyingi.

Tafuta chupa ya maji ya lita 1.5 ambayo kiwiliwili chake kimenyooka, bila kiuno wala mikunjo mikubwa. Ondoa kizibo. Ikate pale mabega yanapoanza kuinama, geuza kipande cha juu kichwa chini, kiingie ndani kama faneli, kisha funga ukingo kwa utepe wa plastiki wenye gundi. Tako la chupa halijakaa tambarare, kwa hiyo tia kokoto chache na simenti laini mpaka ufikie sehemu iliyonyooka, uache ikauke. Hapo ndipo sifuri. Bandika rula ya milimita kuanzia sifuri kwenda juu. Kwa kuwa mdomo na kiwiliwili vina upana uleule, milimita 1 ya rula ni milimita 1 ya mvua.

Watu wengi hutia maji badala ya simenti ili kupata sifuri. Inafaa masika, lakini kiangazi maji yale hukauka, na mvua ya kwanza, ile unayoisubiri kuliko zote, hujaza kwanza pengo na kuonekana ndogo. Ukitumia maji, yarudishe kwenye sifuri kila asubuhi, hata kama hakuna dalili ya wingu.

Kwa mvua ndogo rula haitoshi. Tumia faneli yenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 11.3 juu ya chupa yoyote. Mdomo huo una eneo la sentimita za mraba 100, hivyo kila mililita 10 za maji ni milimita 1 ya mvua. Pima kwa bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano. Mililita 1 itakuwa sehemu ya kumi ya milimita.

Kiweke kipimo mahali pa wazi, mdomo ukiwa sentimita 30 hivi juu ya ardhi ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie. Umbali wake na nyumba au mti uwe angalau mara 2 ya urefu wa kitu hicho: mwembe wa mita 8, kaa mita 16. Kipimo kilicho karibu na mabati hupokea maji ya paa upepo ukivuma upande huo na hukosa mvua upande mwingine. Nambari zake huonekana za kweli, na hilo ndilo la hatari. Soma kila siku saa 3 asubuhi, mwaga, futa majani na wadudu. Mvua unayoisoma asubuhi kwa sehemu kubwa ni ya jana, basi chagua tarehe ya kuiandikia na usibadili. Plastiki ikikaa juani hukakamaa na kupasuka, kwa hiyo weka chupa ya akiba iliyokwisha kukatwa.

Joto na upepo, kwa kifupi

Kipimajoto kikae kivulini, usawa wa kifua, mbali na ukuta wa mabati au wa saruji unaohifadhi joto. Karibu na ikweta jua hupiga ukuta wa kaskazini katikati ya mwaka na wa kusini mwezi Desemba, hivyo kivuli cha Juni si kivuli cha Desemba. Kagua mara 2 kwa mwaka.

Kabla ya kukiamini, kiweke kando ya kingine kwa saa nzima. Desemba 1784 Selborne ilipata baridi kali sana. Kimoja kati ya vipimajoto vya White kilikuwa na alama zinazoishia nyuzi 4 za Farenhaiti, na zebaki ikazama chini ya alama zote. Kingine kikaonyesha nyuzi 1 chini ya sifuri. Ajabu ni kwamba kwa jirani yake aliyeishi juu ya kilima, zaidi ya futi 200 juu ya nyumba ya White, joto lilikuwa nyuzi 17. White alidhani kipimo cha jirani kina kasoro, akapeleka chake kule kilimani. Vikalingana kabisa. Hewa ya baridi kwa kweli ilikuwa imetulia bondeni. Bila kulinganisha vyombo angelitupa jambo la kweli akidhani ni kosa.

Upepo huandikwa kwa kule unakotoka. Kusi hutoka kusini, kaskazi hutoka kaskazini. Tazama moshi au makuti ya mnazi mrefu. Mawingu yaweza kwenda upande mwingine kabisa.

Alama tatu

Hapa ndipo shajara ya kazi inapoachana na shajara ya kumbukumbu tamu. Kwa kila kiumbe unachokifuatilia tumia mojawapo ya haya: nambari, kama umekiona na kukihesabu, 0, kama umekitafuta hukukiona, mstari mfupi (—), kama siku hiyo hukutafuta. Nafasi tupu haina maana yoyote. Msomaji hawezi kujua kama mbayuwayu walikuwa wameondoka au ulikuwa na homa.

Alama hizi pia hutatua tatizo la "mara ya mwisho". Siku ya kwanza ya kufika ndege hujitangaza yenyewe. Siku ya mwisho hakuna anayeijua ikiwa inatokea. Hujulikana baadaye, kwa mfululizo wa 0 baada ya nambari. Asiyeandika 0 hatapata kamwe tarehe ya kuondoka.

Ongeza herufi moja mbele ya kila habari: M, nimeona mwenyewe, N, nimeambiwa, D, dhana yangu. Usizichanganye katika sentensi moja.

Vya kufuatilia mwaka wa kwanza

Vitano vinatosha. Chagua vinavyobadilika na majira na visivyohitaji darubini.

Mti mmoja, si aina ya miti. Kama ni mwembe, funga kitambaa kwenye matawi 3 na uandike tarehe ya maua kufunguka, ya tunda kufikia ukubwa wa njegere, ya embe changa kuanguka kwa wingi, na ya la kwanza kuiva. Ukiandika "maembe yameanza" utakuwa umechanganya miti 10 yenye tabia mbalimbali. White alifanya hivi kwa kobe mmoja, Timothy, aliyemrithi mwaka 1780 kutoka kwa shangazi yake. Alimpima uzito, akaandika lini anajifukia na lini anatoka, karibu katikati ya Novemba hadi katikati ya Aprili. Baada ya kufa ikagundulika kwamba Timothy alikuwa jike. Gamba lake liko kwenye makumbusho ya Natural History Museum, London. Jina lilikosewa, tarehe za usingizi wake zimebaki sahihi.

Kumbikumbi. Andika kichuguu gani, saa ngapi wameanza kuruka, saa ngapi tangu mvua ikatike, na mvua hiyo ilikuwa milimita ngapi. Wapo wanaotoka mchana na wanaotoka usiku, na si aina moja, basi saa ni muhimu kama tarehe.

Dudumizi. Watu husema ndege huyu akilia mvua iko njiani. Huu ni uchunguzi mzuri kuliko wote kwa anayeanza, na unataka visanduku 4: amelia na mvua imenyesha ndani ya saa 24, amelia na haikunyesha, hakulia na imenyesha, hakulia na haikunyesha. Tia kijiti kimoja kila siku. Kichwa cha binadamu hukumbuka kisanduku cha kwanza na kusahau vingine vitatu, na hapo ndipo misemo mingi hupata nguvu. Baada ya masika na vuli mbili utakuwa na la kusema.

Mbayuwayu na teleka. Kwa mazungumzo ya kawaida wote huitwa mbayuwayu, na shajara itakayoandika hivyo itakuwa imefunga ndege tofauti kwenye gunia moja. White alikutana na tatizo hilohilo. Kulikuwa na ndege wadogo wa kijani-manjano ambao wengi waliwahesabu aina moja. Yeye aliwatofautisha kuwa aina 3, kwanza kwa kusikiliza sauti zao, kisha kwa kutazama miili yao. Kwetu anza hivi: mbayuwayu hutua kwenye waya, teleka hatui kwenye waya wala tawini, hushika ukuta au makuti kwa kucha, na mabawa yake yamepinda kama mundu. Kwenye waya tafuta mwenye koo la rangi ya kutu na mkanda mweusi kifuani: huyo ndiye mbayuwayu mgeni kutoka kaskazini, anayeonekana Afrika Mashariki kuanzia Septemba hivi hadi Aprili. Miongoni mwao wamo vijana wenye mikia mifupi, kwa hiyo usingoje mkia mrefu. Kutofautisha teleka wageni na wenyeji angani ni kazi ngumu. Mwaka wa kwanza andika "teleka" na idadi, inatosha.

Cha tano kiwe chako: vyura wa dimbwi, jongoo, popo wa kwenye paa, chochote kilicho karibu.

Namna ya kuandika sentensi moja

White alieleza panya mdogo wa mashamba ya nafaka ambaye wataalamu wa Uingereza walikuwa hawajamtambua. Hakusema ni mdogo sana. Alisema urefu wa mwili ni inchi 2 na robo, mkia inchi 2, na kwamba wawili kwenye mizani waliinua sarafu moja ya shaba ya nusu peni, sawa na theluthi ya aunsi hivi. Kwa hiyo kila mmoja ana gramu 5 pungufu kidogo. Kiota chake kilikuwa duara kama mpira wa kriketi, kimesukwa kwa majani kikakazwa hata kikaviringishwa mezani bila kuharibika, na ndani mlikuwa na vitoto 8, vipofu, bila manyoya. Yeyote aliyesoma hayo akimkuta panya huyo atamjua.

Fuata njia hiyo. Ondoa "wengi", "mkubwa", "mzuri". Tafuta kitu cha kulinganisha ambacho hakibadiliki: sarafu ya shilingi 200, punje ya mahindi, upana wa kidole kilichopimwa kwa rula. Mfano wa maandishi yanayofaa: "14 Okt., saa 12:40 asubuhi. M. Mbayuwayu 11 kwenye waya wa langoni, koo la kutu 7, wanne wamegeuka mgongo. Teleka 0. N: jana jioni walikuwa zaidi." Maneno 25 hivi, na hakuna la kubahatisha.

Usichokielewa kiandike vilevile. Kuanzia Juni 23 hadi Julai 20, 1783, White aliona ukungu wa ajabu: jua la adhuhuri lilififia kama mwezi nyuma ya wingu, na mwanga wa rangi ya kutu uliangukia sakafu za vyumba, nyama iliyochinjwa leo kesho yake ilikuwa hailiki. Hakujua chanzo. Huko Iceland nyufa za volkano za Laki zilikuwa zinalipuka tangu Juni 8, na maelezo ya watu kama yeye yamesaidia kuonyesha moshi ule ulifika wapi na lini.

Panapoharibika

Kosa kubwa ni kujaza siku 5 kwa mpigo Jumapili jioni. Mvua itakuwa imechanganyika, saa zitakuwa za kubuni, na hakuna atakayeweza kutenganisha za kweli na za kubuni. Siku iliyopita ipigie mstari mfupi, uendelee na leo.

Lingine ni kubadili njia au saa ya kuzunguka. Anayetoka saa 1 asubuhi Januari na saa 4 Machi atadhani ndege wamepungua, kumbe ni joto tu limewanyamazisha. White alihesabu teleka wa kijijini kwake mwaka baada ya mwaka, akapata jozi 8 tu, na akajiuliza watoto wao huenda wapi. Swali hilo lilizaliwa kwa sababu hesabu ilifanywa palepale.

Zama za White ndege walipigwa risasi ili watambuliwe. Usifanye hivyo, picha ya simu na sauti iliyorekodiwa vinatosha, na namba ya picha iandikwe daftarini. Kumbukumbu za ndege unaweza pia kuziwasilisha kwenye miradi ya ramani za ndege kama Tanzania Bird Atlas au Kenya Bird Map, lakini mahali penye kiota cha ndege adimu pasitangazwe mtandaoni.

Daftari lisikae sakafuni wala kugusa ukuta: mchwa hupanda ukutani, na unyevu huanza na jalada. Kila mwisho wa mwezi piga picha kurasa zote mchana kivulini, uzitume kwa mtu mwingine azihifadhi. Kurasa za mwisho weka faharasa kwa majina: dudumizi, kurasa hizi, kumbikumbi, kurasa hizi.

Mwaka wa pili nunua daftari la pili la aina ileile na ulipange vilevile. Kila wiki inapoanza, kabla hujaandika lolote, fungua wiki kama hiyo ya mwaka jana, uisome, kisha utoke ukavitafute vilivyoandikwa mle. Visipoonekana, andika 0.